Mstari wa zaseka: boma lililomsubiri adui wakati wa kurudi

Tarehe 24 Mei 1571, jeshi la Khan wa Krimea, Devlet Giray, lilivitia moto viunga vya Moscow. Siku hiyo kulikuwa na upepo mkali na nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Ndani ya saa chache mji ukawa majivu, ikabaki Kremlin na kuta zake za matofali. Tsar Ivan wa Nne alikuwa ameshakimbilia kaskazini. Kinachouma zaidi ni kwamba Januari ya mwaka huohuo Mwanamfalme Mikhail Vorotynsky alikuwa amepewa kazi ya kupanga upya ulinzi wa mpaka wa kusini, na kufikia Februari kanuni zake zilikuwa zimeshapitishwa. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1566, Tsar mwenyewe alizunguka kusini akikagua ule mstari mrefu wa miti iliyolazwa, matuta na mahandaki ambao Warusi wanauita zaseka.

Wanaosema kwamba mistari ya namna hii ni kupoteza nguvu za watu huanzia hapo, na wana haki ya kuanzia hapo. Mstari mkuu wa zaseka ulitambaa kwa zaidi ya kilomita 500 kusini mwa mto Oka, kutoka upande wa Ryazan, ukapita karibu na Tula, hadi kwenye misitu ya Kozelsk. Hakuna dola ya karne ya 16 iliyoweza kuweka askari kwenye urefu wote huo, ilhali adui anahitaji tundu moja tu. Mwaka 1571 Devlet Giray hakuhitaji hata tundu. Alizunguka kwa magharibi akavuka sehemu za juu za Oka, akiongozwa na Kudeyar Tishenkov, kabaila mdogo wa Belev aliyeasi na kwenda kumwonyesha vivuko. Jasho la wakulima wasiohesabika likashindwa na mtu mmoja anayeijua njia.

Hoja hiyo naiheshimu. Ila inaupima mstari kwa kazi ambayo haikuwa kazi yake kubwa. Inauliza: je, ulimzuia adui asiingie? Wakulima wa Tula na Ryazan, ambao ndio waliokuwa wakikamatwa na kuuzwa, walikuwa na swali jingine: je, akishaingia, atatoka na sisi?

Kwanza tuutazame mti wenyewe, maana wengi wanaoandika juu ya mistari hii huuruka. Fundi wa zaseka hakuukata mti chini kama anayetafuta mbao. Aliukata kwa juu, akaacha kisiki cha kimo cha mtu hivi, tena hakuumaliza. Shina liliachwa limeshikana na kisiki kwa ubavu mmoja, kisha mti ukalazwa kilele kikielekea kusini, upande anakotokea adui. Wa pili ukalazwa juu ya wa kwanza, wa tatu ukapishana nao, matawi yakaingiliana, na kazi ikaendelea hivyo kwa makumi ya mita kwenda ndani, mahali pengine mamia. Ukifunga kamba kwenye gogo la namna hiyo ili farasi alivute, haling'oki, kwa sababu bado limeshikwa na kisiki chake. Unabaki na njia moja: ushuke, ushike shoka, ukate tawi kwa tawi. Na mpiganaji wa nyikani akishashuka kwenye farasi, sehemu kubwa ya hatari yake imeshuka naye.

Pale msitu ulipokatika, Warusi walijaza pengo kwa tuta la udongo, handaki mbele yake, na safu za vigingi. Mito na vinamasi navyo viliingizwa kwenye hesabu. Barabara ilipolazimika kupita, palijengwa lango na mnara. Msitu wenyewe ukawa mali ya ulinzi: hairuhusiwi kukata mti, hairuhusiwi kufungua njia mpya, na walinzi walikuwepo wa kuhakikisha hivyo. Msomaji wa Pwani ya Kenya ataona kitu anachokijua hapa. Kaya za Mijikenda nazo zilikuwa maboma ndani ya msitu, yenye njia chache na malango, na miiko ya kutokata miti ndiyo iliyoifanya misitu ile iwepo hadi leo, ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kule Urusi aliyekataza alikuwa mtawala, kwa adhabu. Mpaka sasa kusini mwa Tula kuna misitu ya mialoni iliyonusurika kwa sababu hiyohiyo, na kituo cha reli kilicho karibu na Yasnaya Polyana, kwake Leo Tolstoy, kinaitwa Kozlova Zaseka.

Sasa tuje kwenye uvamizi, maana bila kujua ulivyokwenda, mstari hauwezi kueleweka. Njia maarufu kuliko zote, ile ya Muravsky, ilitoka shingo ya nchi ya Perekop, mlangoni mwa Krimea, ikapanda kaskazini hadi karibu na Tula ikifuata mgongo wa ardhi unaotenganisha maji yaendayo Dnieper na yale yaendayo Don. Kwa kupita mgongoni, wapanda farasi waliepuka kuvuka mito mikubwa. Kila mmoja alikuwa na farasi wa akiba, wawili au zaidi. Mhandisi Mfaransa Guillaume Levasseur de Beauplan, aliyeitumikia Poland huko Ukraine katika miaka ya 1630 na 1640, ameeleza jinsi walivyokuja polepole na kwa kujificha ili kutunza nguvu za farasi, kisha wakaingia ghafla nchi ya watu, jeshi kuu likaweka kambi na vikosi vikatawanyika pande mbili kukusanya watu na mifugo.

Mpaka hapo wana kasi ambayo hakuna askari wa miguu anayeweza kuikabili. Lakini tazama wanavyorudi. Wanawake wanatembea, watoto wengine wamepakiwa juu ya farasi, wanaume wamefungwa kamba, ng'ombe wanaswagwa. Jeshi lililoingia kama upepo sasa linakwenda kwa mwendo wa mtu aliyechoka, na bado lina mamia ya kilomita za nyika mbele yake kabla ya kufika Perekop, na kutoka hapo hadi soko la Kaffa, bandari iliyokuwa mikononi mwa Waosmani tangu 1475. Mali yote iliyofuatwa imo kwenye msafara huo, na msafara huo ndio dhaifu kuliko chochote walichokuwa nacho. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuchorewa picha yake.

Kwa hiyo mpe kamanda wa Kirusi siku mbili tu. Kama wavamizi wamelazimika kupitia malango au tundu walilolikata kwa shoka, anajua watarudi wapi. Wanaweza kuliacha windo wakatawanyika msituni, au wakashikana na windo na kukamatwa njiani. Hii si nadharia yangu ya mezani. Mwaka 1517 Watatari wa Krimea walivamia viunga vya Tula, na wanahistoria wa zama zile wameandika kwamba watu wa miguu wa mpakani, yaani wanavijiji hasa, waliwatangulia misituni na kuzifunga njia zao za kurudi kwa miti iliyoangushwa, kisha wakawaua wengi. Hapo jeshi la wapanda farasi la Moscow lilikuwa likiwafuata kwa nyuma. Wanavijiji wenye mashoka waliifanya kazi ambayo baadaye dola iliichukua na kuitandaza kwa mamia ya kilomita.

Ndiyo maana naona kanuni za Vorotynsky za 1571 zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa pamoja na mstari wenyewe. Wapelelezi wa nyikani waliamriwa wasishuke kwenye farasi wawapo zamu. Wasiwashe moto mahali pamoja mara mbili. Walipokula mchana wasilale hapo usiku. Aliyeacha kituo kabla ya mwenzake kuja kumpokea, na adui akapita kipindi hicho, adhabu yake ilikuwa kifo. Masharti haya hayamsaidii mtu kumzuia adui mpakani. Yanamsaidia kujua mapema ni njia ipi ameshika, ili wa nyuma wahamishe watu ngomeni na majeshi yaende kumngoja anakotokea. Nyika ilitoa habari na msitu ulitoa muda wa kuzitumia.

Mwaka 1571 habari zilichelewa, msaliti alikuwepo, na sehemu ya jeshi ilikuwa mbali kwenye vita vya Livonia, upande wa Baltiki. Mwaka uliofuata Devlet Giray alirudi na jeshi kubwa, akavuka Oka, na Vorotynsky akamfuata kwa nyuma akampiga Molodi, karibu kilomita hamsini kutoka Moscow. Anayeuhukumu mstari kwa moto wa 1571 sharti aseme pia kuhusu 1572, ingawa nakiri kwamba Molodi ilikuwa ushindi wa jeshi la uwanjani na boma lake la magari ya mbao. Zaseka haistahili sifa za siku ile. (Vorotynsky mwenyewe alikamatwa mwaka 1573 kwa amri ya Tsar aliyemwokolea nchi, akateswa, akafa. Shukrani za Ivan ndivyo zilivyokuwa.)

Kuna takwimu moja ambayo kila mjadala huu huishia kwayo, na mimi pia imenikaa kichwani. Mwanahistoria Novoselsky, aliyechambua nyaraka za Moscow, alikadiria kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 17 Warusi kati ya 150,000 na 200,000 walichukuliwa mateka. Kati yao, wasiopungua 100,000 walichukuliwa ndani ya miaka kumi, 1607 hadi 1617. Gawanya mwenyewe. Katika mwongo huo mmoja, watu 10,000 kwa mwaka. Katika miaka arobaini iliyobaki, kati ya 1,250 na 2,500 kwa mwaka. Mwongo huo ndio wa machafuko makubwa: watawala wa kujidai, majeshi ya Poland ndani ya Moscow, njaa, na zaseka zikiwa zimeachwa bila walinzi wala ukarabati, miti imeoza, njia za wizi wa kuni zimefunguka kila mahali.

Anayetetea mistari atafurahia hesabu hiyo na kuishia hapo. Mimi siwezi, kwa sababu tarehe zinakataa. Ukarabati mkubwa wa zaseka ulifanyika kati ya 1635 na 1638. Idadi ya mateka ilikuwa imeshashuka kabla ya hapo, tangu dola ilipotulia baada ya 1618. Zaidi ya hayo Krimea ilikuwa na shughuli nyingine: Waosmani waliwaita Watatari kwenye vita vyao na Uajemi, na wenyewe kwa wenyewe waligombania kiti cha Khan. Kusema kwamba miti iliyolazwa iliokoa watu elfu nane kwa mwaka ni kuipa miti kazi ya serikali nzima, pamoja na kazi ya bahati.

Hata hivyo takwimu ile haiwi bure. Inatuambia kiwango cha hatari palipokuwa hapana mtu wa kuuliza nani amepita. Na ukiacha jumla ukatazama mahali, picha inakuwa nzuri zaidi kwa mstari. Uvamizi mkubwa wa 1644 na 1645, miaka michache baada ya ukarabati, ulichukua maelfu ya watu, na wapinzani huutaja kama ushahidi kwamba kazi ya 1638 haikufaa kitu. Lakini uliangukia wapi? Uliangukia kusini-magharibi, pande za Putivl, Rylsk na Sevsk, huko ambako mstari mpya ulikuwa bado haujafungwa. Wavamizi walikwenda palipo wazi. Kwa mtu wa Rylsk hiyo si faraja. Kwa anayeuliza kama mistari ilibadilisha njia za adui, hilo ni jibu.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya 1571, na sijui kwa nini hauitumii mara nyingi. Hoja hiyo ni ya gharama, na nani alizilipa. Vita vya Smolensk vya 1632 hadi 1634 vinaonyesha kitu kigumu. Wakati jemadari wa Kirusi Mikhail Shein ameuzingira mji wa Smolensk, uliokuwa mikononi mwa Poland, Watatari walivamia kusini, na makabaila wa wilaya za kusini waliposikia mashamba yao yanachomwa, wakaanza kuondoka kambini mmoja mmoja kwenda makwao. Shein akasalimu amri Februari 1634, na Aprili akakatwa kichwa Moscow. Serikali ilijifunza kwamba bila kufunga kusini haiwezi kupigana magharibi. Kutoka hapo mistari ikaacha kuwa ulinzi wa wakulima tu, ikawa msingi wa vita vya nje.

Ndipo ukaja mstari wa Belgorod, uliojengwa kuanzia 1635 hadi 1658, wenye urefu wa kilomita 800 hivi na miji ya ngome ishirini na kitu. Huu haukuwa ndani ya msitu mnene kama wa Tula. Ulitoka nje, kwenye ukingo ambapo misitu inachanganyika na nyika, na sehemu kubwa yake ilikuwa tuta na handaki. Mji wa Kozlov ulioanzishwa 1635 ulikuja na tuta la udongo lililoiziba njia ya wavamizi upande huo. Lakini mstari huo pia uliusogeza mpaka wa dola ya Moscow mamia ya kilomita kusini. Khan alilalamika kwamba wanajenga kwenye malisho, na ukitazama ramani huwezi kusema anazua. Boma linalosogea kila kizazi kuelekea kwa jirani ni vigumu kuliita la kujilinda tu.

Tena kulikuwa na wale waliolichimba. Watu walitolewa kwa kuhesabu nyumba, wakaja na mashoka na majembe yao, wakiacha shamba katika miezi mifupi ambayo kule kaskazini ndiyo yote ya kilimo. Wengine walikuja kwa hiari, na hili ni jambo la kupendeza katika habari nzima: watwana, yaani wakulima waliofungwa kwenye ardhi za mabwana, waliotoroka mabwana zao walikimbilia mistarini, wakaandikishwa kama askari wadogo wenye vipande vya ardhi, na maofisa waliokuwa na upungufu wa watu mara nyingi walifumba macho. Mabwana wakapeleka malalamiko Moscow mwaka baada ya mwaka.

Malalamiko yale yalipata jibu katika sheria kuu ya 1649. Sura yake ya 11 iliondoa kikomo cha muda wa kumsaka mtwana aliyetoroka. Tangu hapo bwana aliweza kumdai yeye, na watoto wake, bila kujali miaka iliyopita. Sheria hiyohiyo, katika sura ya 8, iliweka kodi ya kukomboa mateka, na ikapanga bei: rubo 40 kwa askari wa bunduki wa Moscow, 25 kwa yule wa mpakani, 20 kwa mtu wa mjini, na 15 kwa mkulima. Wakulima wa kanisa walilipa kodi hiyo kwa kiwango mara mbili ya wale wa mabwana.

Soma sura hizo mbili pamoja na utaona kwa nini siwezi kuwaunga mkono watetezi wa mistari mpaka mwisho. Dola iliyomzuia mkulima asiuzwe Kaffa ndiyo iliyomfunga kwa bwana wake Ryazan, tena kwa sababu zinazogusana. Askari makabaila walihitajika kulinda kusini, makabaila hawakukubali kuhudumu bila mikono ya kulima mashamba yao, na mikono hiyo ilikuwa ikikimbilia mistarini. Kuna wanaosema, basi, kwamba zaseka ilibadilisha utumwa mmoja kwa mwingine. Hapo ndipo ninapoachana nao. Mtwana wa Tula alibaki na mke wake, lugha yake na kanisa lake, na watoto wake aliwajua waliko. Aliyepitishwa Perekop hakuwa na lolote katika hayo. Mtu anaweza kuichukia sheria ya 1649 kwa moyo wake wote bila kulazimika kusema vitu hivi viwili ni sawa.

Ninachokipinga ni ile hukumu rahisi kwamba matuta na magogo yalikuwa ujinga wa watawala wasiojua vita vya kasi. Waliojenga zaseka waliijua kasi kuliko sisi tunaosoma habari zake, kwa kuwa iliwapitia vijijini mwao. Walijua pia kwamba haidumu baada ya watu kukamatwa, wakajenga kwa ajili ya siku hiyo ya pili. Kosa lao kubwa, kama ni kosa, lilikuja baadaye, pale kazi iliyobuniwa na wanavijiji wa 1517 ilipogeuka idara yenye majemadari, kodi, orodha za nyumba na mipango ya kusonga kusini. Wakati wa Peter Mkuu mstari wa zamani wa Tula ulikuwa umeshaachwa nyuma sana na mpaka, na misitu yake ikapangiwa kazi nyingine, kukipa kuni na mbao kiwanda cha silaha cha Tula.